Krediti Tatu za Royce

Meli ya Miss Opal,
Mto Mississippi, chini kidogo ya Cairo
26 Februari 1996

Kwa Msajili,
Chuo cha Jamii cha Cutler Landing, Kentucky

Bwana au Bibi,

Mimi ni mama yake Royce Gaither. Bila shaka jina hilo mnalijua, maana kijana kama yule hapiti mahali watu wakakosa kumwona. Ni yule mrefu, mwenye mabega ya baba yake na adabu alizozipata kwangu.

Kazi yangu ni upishi katika meli inayosukuma matishari ya makaa na mahindi. Nalisha wanaume tisa mara tatu kwa siku, na bado sijaona sahani ikirudi jikoni na chakula. Nayasema haya msije mkadhani mnaandikiwa na mtu asiye na la kufanya. Shule niliishia darasa la tisa, lakini kusoma nasoma, na mwandiko wangu mnauona wenyewe.

Basi haja yangu ni hii. Humu melini yumo fundi mitambo anayeitwa Tuck. Ana binti anayesoma chuo kikuu kule Knoxville, na tangu Krismasi hatujala kwa raha. Akiketi tu mezani: "Binti yangu kapata A ya kemia. Nipitishieni chumvi." Juzi uvumilivu ukaniisha. Nikamwambia, "Tuck, wangu anamaliza mwezi wa tano, na nafasi ya uuguzi chuo kikuu ameshapewa." Akanijibu na mdomo umejaa mkate wa mahindi, "Ardith, hata samaki unaowavua wewe huwa wakubwa kuliko mto." Meza nzima ikaangua kicheko. Hata Kapteni Boyd, ambaye meno yake huonekana mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo naomba mnitumie matokeo ya Royce, yote, tangu siku aliyoingia, yakiwa na muhuri. Nitayabandika ukutani juu ya jiko, mahali ambapo Tuck hana budi kuyaona akija kuchukua kahawa. Muhuri ukiwa mwekundu nitashukuru zaidi.

Barua mnitumie kwa anwani ya kampuni iliyo juu ya bahasha. Boti ya vifaa hutuletea tukipita Cairo. Mwaka huu nimebeba zamu mbili mfululizo kwa sababu mpishi mwenzangu amefanyiwa upasuaji wa nyongo, kwa hiyo nyumbani sifiki mpaka mwisho wa Aprili.

Tutaonana kwenye mahafali tarehe 11 Mei. Tunakuja watu wanane.

Wenu,
Ardith Gaither


Ofisi ya Msajili
Chuo cha Jamii cha Cutler Landing
5 Machi 1996

Bi. Gaither,

Asante kwa barua yako ya tarehe 26 Februari.

Sheria ya kumbukumbu za wanafunzi inasema kwamba mtu akishaingia chuoni, faili lake ni lake mwenyewe. Hatulifungui kwa mzazi, mwajiri wala jamaa yeyote, mpaka mwenye faili atie sahihi ya kuturuhusu. Kuhusu mtu uliyemtaja, siwezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba ni mwanafunzi wa chuo hiki, na sina taarifa yoyote ninayoweza kukupa.

Nakuwekea kijitabu chetu cha kanuni, kinachoeleza haki za wanafunzi juu ya kumbukumbu zao, pamoja na njia mbalimbali za kupata krediti.

Wako,
Nadine Puryear
Msajili Msaidizi


Meli ya Miss Opal,
karibu na Hickman
12 Machi 1996

Royce,

Leo sianzi na "mwanangu mpendwa." Nitakuita hivyo nikishajua ninayemwandikia ni nani.

Nimepokea barua kutoka chuoni kwenu, kama kweli ni kwenu. Nimeisoma mara nne. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimeketi, halafu nikaisoma kwa miwani ya Kapteni. Anasema hawezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba wewe ni mwanafunzi. Royce, mtu akiniuliza kama nina mtoto, nasema ninaye. Anayejibu hawezi kuthibitisha wala kukanusha ni yule asiye naye na anaona haya kusema.

Miaka miwili! Ule mkoba unaokuja nao nyumbani una nini ndani? Vile vitabu ulivyonionyesha wakati wa sikukuu ya Shukrani, vyenye picha za mifupa, umeviazima wapi? Na miye nilivyokaa pale nikakusikiliza ukinitajia mifupa ya mkono mmoja mmoja, nikalia kwenye pai!

Kama ulishindwa ungeniambia. Kama umepata kazi ghalani na unaona aibu, hakuna aibu katika kazi, mimi huyu hapa namenya viazi. Kinachoniuma ni kufanywa mjinga. Nimewaambia watu wanane. Hapana, nimeuambia mto mzima, wewe unanijua. Tuck ameniona nikisoma akauliza, "Vipi, matokeo yamekuja?" Nikamwambia nina vitunguu machoni. Hakuna kitunguu kilichokuwa kimekatwa jikoni, na Tuck si kipofu, lakini hakusema neno. Hilo ndilo lililonitia hofu. Tuck akinyamaza ujue mambo yameharibika.

Niandikie. Usipige simu. Redio ya meli inasikika na kila mtu, na sitaki Memphis yote wajue kabla yangu.

Mama yako, huyo ninathibitisha,
Ardith


Cutler Landing
18 Machi 1996

Mama,

Mimi ni mwanafunzi. Mifupa yote ni ya kwangu, niliisoma mwenyewe.

Ofisi imekujibu vile kwa sababu mimi ndiye niliyejaza fomu ya kuifunga kabisa kumbukumbu yangu. Mtu akijaza fomu ile, chuo hakisemi hata kama yupo. Niliijaza wiki ya kwanza niliyofika, na niliijaza kwa ajili yako. Usikasirike, sikiliza. Unakumbuka darasa la kumi ulipopiga simu shuleni kwa redio ya meli kuuliza kemia yangu? Mwalimu akakutajia, nanyi mkashangilia, na kila meli kutoka St. Louis hadi Memphis ikasikia. Mwezi mzima wanaume nisiowajua walikuwa wananisimamisha dukani: "Wewe si yule kijana wa kemia?" Nikajiapiza kwamba nikifika chuo, nitakuambia mimi mwenyewe, kwa wakati wangu.

Basi wakati wenyewe umefika, na si mzuri. Mama, tarehe 11 Mei usije. Sitakuwepo kwenye orodha.

Ili mtu amalize anahitaji krediti sitini, zinazohesabiwa somo kwa somo. Mimi nitakuwa na hamsini na saba. Kuna somo moja, Misingi ya Kumhudumia Mgonjwa, niliingia Januari nikaliacha wiki ya tatu. Mwalimu hatukuelewana. Somo hilo halifundishwi tena mpaka Januari ijayo, na chuo kikuu wanataka sitini zote ifikapo katikati ya Mei, la sivyo nafasi yangu anapewa aliye nyuma yangu. Nimeshazunguka kote. Waambie watu wa melini kwamba mipango imebadilika. Huhitaji kuwaambia kwa nini.

Samahani kwa vitunguu.

Royce


Meli ya Miss Opal,
New Madrid
24 Machi 1996

Mwanangu mpendwa Royce,

Kwanza ondoa mawazo. Mama ameshughulika.

Yule Bi. Puryear aliniwekea kijitabu. Nilitaka kukiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba, halafu nikasema ngoja nikisome, huenda nikaona pa kumshika. Nimekisoma chote huku maharage yakichemka. Royce, ukurasa wa kumi na tisa umeusoma? Wanasema kuna ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, kazini au nyumbani, na chuo kinaweza kuutambua. Mtu anaandaa kitu wanachokiita jalada la ujuzi. Anaeleza alichokifanya na alichojifunza, anaweka ushahidi, na anapata shahidi aliyemwona akikifanya. Kamati ikiridhika anapewa krediti za somo lile bila kuketi darasani. Na somo lako limo kwenye orodha, nimeliwekea alama ya mchuzi.

Kumhudumia mgonjwa! Wewe! Uliyemtunza baba yako miaka mitatu akiwa hawezi kusogeza hata kidole cha mguu! Na hao wanakunyima krediti tatu? Walipaswa kukupa thelathini na kukuomba radhi.

Wewe andaa jalada. Yale madaftari yako ya mgongo wa kijani, uliyokuwa ukiandika saa za kumgeuza baba yako, yapo kabatini kwangu, chini ya mashuka ya majira ya baridi. Ufunguo anao jirani, Bi. Fern. Shahidi ni mimi. Barua nimeshaiandika, na boti ya vifaa imeondoka nayo asubuhi hii. Nimeiandika vizuri sana. Nilimsomea Tuck, akasema, "Ardith, kijana akikosa kwa barua hiyo, basi hata Papa wa Roma asingepita."

Kula vizuri.

Mama yako


Meli ya Miss Opal
23 Machi 1996

Kwa Kamati ya Majalada ya Ujuzi,

Mimi Ardith Gaither nashuhudia kwamba mwanangu Royce ndiye muuguzi bora kuliko wote niliowahi kuwaona, pamoja na waliosoma. Baba yake, marehemu Hollis Gaither, alianguka kati ya matishari mawili akavunjika uti wa mgongo. Tangu siku hiyo Royce alimtunza mchana na usiku kwa miaka mitatu bila kukosea hata mara moja. Nilimwona kila siku kwa macho yangu. Madaktari walikuja kumtazama akifanya kazi ili wajifunze. Hospitali ya Paducah ilitaka kumwajiri akiwa na miaka kumi na sita, ila mimi nikakataa amalize shule kwanza. Hakuna sindano asiyoijua. Mkimnyima krediti hizi mtakuja kuniambia siku mnaumwa na yeye ndiye aliye zamu.

Ardith Gaither, mama na shahidi


Ofisi ya Msajili
1 Aprili 1996

Bi. Gaither,

Safari hii naweza kukuandikia. Royce ametia sahihi ya kuniruhusu niongee nawe juu ya jalada lake la ujuzi, na juu ya hilo peke yake.

Jalada lake limefika, pamoja na madaftari sita. Muuguzi anayefundisha somo hili ameyasoma, na kwa upande wa madaftari sina la kulalamika. Tatizo ni barua yako, ninayokurudishia humu.

Shahidi anatakiwa kueleza yale aliyoyaona yeye mwenyewe, na lini. Umeandika kwamba ulimwona Royce kila siku kwa miaka mitatu. Bi. Gaither, karatasi uliyoandikia ina jina la meli juu yake. Na ndani ya madaftari, kila baada ya kurasa chache, Royce ameandika: "Mama ameondoka." Halafu: "Mama amerudi." Nimehesabu siku katikati. Muuguzi naye amehesabu. Amepiga pia simu hospitali ya Paducah kuuliza ile habari ya kazi, na hakuna anayeikumbuka.

Nakwambia kama mama mwenzio kabla sijakwambia kama ofisa. Kanuni inasema jalada lenye ushahidi usio wa kweli linatupwa lote, hata kama yaliyobaki ni ya kweli, na jambo hilo linaandikwa kwenye kumbukumbu ya mwanafunzi. Muuguzi amekubali kuihesabu hii kama barua ambayo haijafika. Hatafanya hivyo mara mbili.

Nahitaji barua nyingine ifike mezani kwangu kabla ya Ijumaa tarehe 19 Aprili. Isipofika, jalada litarudi kwa Royce bila kusomwa na kamati. Barua utakayoandika itakaa kwenye faili lake, na ujue kwamba yeye ana haki ya kusoma kila kilichomo.

Wako,
Nadine Puryear


Cutler Landing
2 Aprili 1996

Mama,

Bi. Puryear aliniita jana akanionyesha barua yako kabla hajairudisha. Niliisoma nimesimama mbele ya meza yake. Nilitamani sakafu ipasuke.

Nikudanganye tena ya nini? Mwalimu wa somo lile hakunikosea kitu. Wiki ya tatu tulipelekwa nyumba ya wazee kwa mazoezi. Mlango wa pili kushoto kulikuwa na mzee amelala ubavu, mto katikati ya magoti, amegeuziwa ukutani kama nilivyokuwa nikimgeuza Baba saa nne asubuhi. Wenzangu wakaingia. Mimi nikabaki nimeshika kitasa. Mwalimu akaniuliza, "Gaither, unaingia?" Nikamwambia nimesahau kitu garini. Nikaenda garini, nikawasha, nikaondoka. Kesho yake nikajaza fomu ya kuacha somo.

Kwa hiyo sijui hata kama nastahili hizo krediti. Lakini nafasi ya chuo kikuu naitaka, Mama. Naitaka sana.

Hukuwepo. Sisemi ili nikuumize, najua ulikuwa unatulisha. Ila huwezi kuandika kwamba ulikuwepo. Yule muuguzi aliyekuwa akipita nyumbani mara moja kwa mwezi alihamia Arizona, na barua niliyomwandikia imerudi. Shahidi mwingine sina. Kama utaandika, andika ulichokiona. Kama hukuona kitu, basi usiandike, nami nitaelewa.

Royce


Meli ya Miss Opal,
Caruthersville
11 Aprili 1996

Bi. Nadine Puryear na Kamati,

Hii ni barua ya tano. Nne nimezichana. Tuck aliniomba nimsomee nikamkatalia, na zamu hii hakuna aliyeisikia kabla yenu.

Mume wangu Hollis alianguka tarehe 14 Septemba 1990. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na nguvu wala hisia. Akili na ulimi vilikuwa vizima. Januari iliyofuata kampuni ilinipa kazi ya upishi hapa melini, na nikaichukua. Utaratibu ni siku thelathini majini na kumi na tano nyumbani. Kwa miaka mitatu nilikuwa nyumbani theluthi moja tu ya siku. Zilizobaki sikuziona, na siwezi kuzishuhudia. Hollis alipofariki, Novemba 1993, nilikuwa Memphis.

Haya ndiyo niliyoyaona katika siku zangu kumi na tano.

Niliona kwamba Royce, aliyekuwa na miaka kumi na tano mambo yalipoanza, alimgeuza baba yake kila baada ya saa mbili. Shule ilikuwa mitaa minne kutoka kwetu na mwalimu mkuu alimpa ruhusa, kwa hiyo saa nne alikuja mbio, na saa sita alikuja mbio. Hata nilipokuwepo mimi alikuja. Nilimwambia abaki ale na wenzake, mimi nitamgeuza. Akasema, "Mama, wewe unamvuta. Unatakiwa umviringishe." Alinifundisha. Unaweka shuka iliyokunjwa chini ya kiuno, unavuta shuka, humvuti mtu, maana ngozi ikivutwa inachubuka. Sikujua hilo, na nilikuwa mke wake kwa miaka kumi na nane.

Niliona akiweka mto katikati ya magoti na mwingine chini ya miundi ili visigino vielee visiguse godoro. Niliona akitumia kioo changu cha mkononi kutazama mahali asipoweza kufika kwa macho. Niliona akinawa mikono kabla ya kushika mrija wa mkojo, na baada. Niliona akiandika katika daftari.

Aliwahi kukosea. Sikutaka kuliandika hili, lakini mmesema ukweli. Oktoba 1991 nilikuwa nyumbani. Aliweka miguu ya baba yake katika beseni la maji yaliyokuwa ya moto mno. Hollis hakusikia kitu, wala hakulalamika. Lilitoka lengelenge la ukubwa wa yai la njiwa kwenye mguu wa kushoto. Royce aliliona yeye kwanza. Alimwita daktari mwenyewe, akamwambia, "Nimemchoma baba yangu," hivyo hivyo, bila kuzunguka. Lilichukua wiki tano kupona. Tangu siku hiyo sikumwona akitumia maji bila kuyapima kwanza kwa kiwiko, hata ya kuoshea vyombo.

Jambo la mwisho sijawahi kumwambia mtu. Kila niliporudi kutoka mtoni, asubuhi ya kwanza, nilimtuma Royce dukani kununua maziwa. Akitoka tu, nilimfunua Hollis nikamkagua. Mgongo, nyonga, visigino, nyuma ya masikio. Nilikuwa natafuta vidonda vya kulala. Hospitali waliniambia mtu wa hali yake havikosi, na kwamba vikianza ndiyo njia ya kuondoka. Nilikuwa nimemwachia mtoto mwili wa mtu mzima nikaenda zangu kukaanga kambare, na kila safari nilirudi nikiogopa kukuta nilichokifanya.

Nilimkagua mara ishirini na tatu katika miaka mitatu. Ukiacha lengelenge, sikuwahi kukuta hata mahali pekundu.

Ni hayo tu niliyoyaona.

Ardith Gaither


Ofisi ya Msajili
22 Aprili 1996

Bi. Gaither,

Barua yako ilifika Alhamisi tarehe 18, saa tisa na nusu. Nilikuwa nimeanza kutazama mlango.

Kamati imekaa leo. Imeikubali barua, na imekubali sehemu ya maandishi ya jalada. Muuguzi ameniomba nikuambie kwamba ameifundisha kazi hii miaka ishirini na sita, na kwamba ule mstari wa kiwiko atawasomea wanafunzi wake, bila kutaja jina, kama Royce ataruhusu.

Imebaki hatua moja, ambayo wewe wala mimi hatuna mkono ndani yake. Kanuni inataka mwombaji aonyeshe kwa mikono yake, mbele ya mgonjwa. Amepangiwa Alhamisi tarehe 2 Mei, katika nyumba ya wazee. Nilimwambia kwamba anaweza kuomba mahali pengine. Aliniuliza mgonjwa atakuwa chumba gani, nikamtajia. Akasema hapo hapo panafaa.

Wako,
Nadine Puryear


Cutler Landing
3 Mei 1996

Mama,

Najua umesharudi nyumbani na simu ipo, lakini haya nikiyasema kwa simu nitayaharibu.

Jana niliingia. Kitasa nilikishika kama ile mara ya kwanza, na muuguzi alikuwa nyuma yangu na karatasi zake, hakuniharakisha. Kilichonisaidia ni yule mzee. Alikuwa amegeukia ukutani, akasema bila kuniona, "Kama unaingia ingia, kama unatoka toka, upepo wa mlangoni unanipiga matakoni." Nikacheka. Nikaingia nikicheka.

Anaitwa Bwana Odell, zamani alikuwa seremala. Nikamwambia ninachotaka kufanya kabla ya kukifanya. Nikanawa, nikakunja shuka, nikamviringisha. Mikono ilikumbuka yenyewe, Mama. Kichwa kilikuwa bado kiko garini, mikono ikawa imeshafika kazini. Nilipokuwa nikimwekea mto aliniuliza, "Nani kakufundisha?" Nikamwambia, "Baba yangu. Yeye alilala, mimi nikajifunza." Akasema huyo alikuwa mwalimu mvumilivu.

Muuguzi alitia sahihi palepale, juu ya meza ya dawa. Krediti tatu. Bi. Puryear ameziingiza kwenye kumbukumbu leo asubuhi nikiwa nimesimama, na nakala imekwenda chuo kikuu. Zimekuwa sitini.

Nikamwomba anipe faili langu nisome. Akanipa, akahamisha kiti chake upande wa pili wa chumba. Nimesoma barua yako ya tarehe 11.

Kuna kitu na mimi sijawahi kukwambia. Nilijua habari za maziwa. Nilijua tangu safari ya kwanza, maana maziwa yalikuwa yamejaa kwenye friji. Nilikuwa nakwenda dukani polepole ili nikupe muda. Nikirudi, wewe uko jikoni umenipa mgongo, na husemi kitu. Na mimi nilidhani huniamini. Miaka mitatu nilidhani hivyo, mpaka wiki moja kabla hajafariki, wewe ukiwa Memphis, nilipomwambia Baba. Nilimwambia, "Mama ananikagua kama mwizi."

Baba akasema, "Royce, wewe huoni anachokifanya akimaliza. Akishanikagua kote na kukosa kidonda, anaweka shavu lake pale chini ya mgongo, ambapo mimi sisikii, anakaa hivyo mpaka akusikie ukifungua geti. Sisikii kitu, lakini namwona kwenye kile kioo chake cha mkononi, unachokiacha kando ya mto wangu."

Nakuja Jumapili. Usipike sana.

Royce